Koti la Mbaruku

Haya nilisimuliwa na mama mkwe wangu tukichambua choroko, nami nina mimba ya kwanza.

Katika mji wa kwao, kabla mwindaji hajaingia porini, koti lake hufukizwa kwa mavi ya ng'ombe, ili mnyama asisikie harufu ya mtu. Kazi hiyo ilikuwa ya Siwema. Mumewe alijeruhiwa na nyati, na mwenzake wa mawindo, Mbaruku, akamwacha afie palepale, akakimbia.

Sasa Mbaruku alimletea koti. "Shemeji, lifukize vizuri, namfuata nyati peke yangu. Mumeo angekuwa na mbio kama zangu, leo tungekwenda wote! Na mafua haya, hata jalalani sisikii harufu."

"Pole, shemeji. Kaa unywe uji."

Uani, Siwema alilinusa koti: baruti, mafuta ya bunduki, majani yenye umande. Ndivyo alivyonukia mumewe kila aliporudi. Akayaacha mavi, akatia chetezoni udi wote uliobaki wa harusi yake, mpaka koti likanukia kama la bwana harusi.

Mbaruku alilivaa, akashukuru, akashika njia ya porini. Upepo ulitoka mgongoni kwake, ukamtangulia.

Siwema akatandika mkeka, akalaza shavu kwenye viganja vyake vyenye harufu ya baruti, akalala fofofo.