Chanjo ya Maji

Ng'ombe wa Gichuru walichanjwa dhidi ya ndigana, homa ya kupe, na wakafa kwa ndigana.

Kwa hiyo Daktari Ivyne aliporudi Mutuini na mtungi wake wa chanjo, Gichuru alimngojea mlangoni pa josho, miguu ameitanua, koti lake lililoraruka begani likining'inia. Wafugaji walijipanga nyuma yake na ndama wao.

"Leo hudungi mnyama hapa," alisema. "Ulituchanjia maji."

"Mzee, nilichanja ng'ombe wa nusu ya Mutuini siku ile. Wote wako hai, isipokuwa wako na wa Mama Mwihaki."

"Basi maji ulituwekea sisi wawili."

Watu walicheka. Mwihaki, mjane wa boma la jirani, hakucheka.

Ivyne hakurudi nyuma hata hatua. "Maabara ya mjini imepima damu. Mdudu wa ndigana ana makoti mengi. Chanjo inamfundisha ng'ombe kuyajua yale ya wadudu wanaotoka kwa ng'ombe wenzake. Huyu aliyewaua wenu alivaa koti geni. Kupe aliyemleta alikuwa amenyonya nyati."

"Nyati." Gichuru aliwageukia wenzake. "Mmesikia? Nyati amepanda boda boda akaja Mutuini kuniletea kupe."

Kicheko kikafika barabarani.

"Ng'ombe zangu hazijawahi kutia kwato nje ya zizi," aliendelea. "Zinaletewa chakula kama wageni. Kiangazi hiki, nyinyi mkilisha maganda ya ndizi, zangu zilikula nyasi mbichi za kufika kiunoni. Nilizikata mwenyewe, nikazibeba kwa huu mgongo. Nani mwingine hapa alithubutu? Asije mtu kuniambia sikuzitunza."

"Hakuna aliyesema hivyo, mzee," Ivyne alisema.

Mwihaki alimsogelea Gichuru, kamba tupu ya ng'ombe wake bado iko mkononi.

"Baba Kibe, ule mzigo wa nyasi ulinipa wakati sikuwa na kitu, Mungu akubariki. Ulisema uliukata wapi?"

Gichuru alifungua mdomo amjibu kwa sauti ile ile ya ushindi. Kisha mkono wake ukapanda taratibu begani, pale seng'enge ya mbuga ya wanyama ilipolishika koti akipenya na panga lake.

Ng'ombe wake watatu. Wa Mwihaki mmoja, naye alikuwa na mimba.