Viti vya Katikati

Goh Kim Seng alikwenda msalani mara tatu kabla samaki hajaletwa mezani, na mara zote tatu msalani hakufika. Aliishia kaunta, kadi mkononi.

"Dada, bili ya meza namba sita nalipa mimi. Shika kabisa."

"Mzee, yule bwana mwenzako ameshakutangulia," msichana wa kaunta akamnong'oneza. "Kaapa, nikiigusa kadi yako hakanyagi tena hapa."

Ala! Goh akarudi mezani, kadi bado mkononi.

Kugombea bili ni heshima, nani asiyejua? Mtu akikuachia ulipe kirahisi, ujue hakupendi. Na mchana huo, katika mkahawa mmoja wa mtaa wa Katong, binti yake Huiling alikuwa anawakutanisha wazazi wake na wazazi wa mchumba wake kwa mara ya kwanza. Ukimwona Goh anavyohangaika ungesema, loo, mzee ana moyo wa kutoa huyu!

Moyo wa kutoa wapi. Mzee alikuwa na shida zake. Kadi yake mpya ilimpa sharti: atumie dola elfu tano kabla ya mwezi kwisha, azawadiwe furushi la pointi za safari, za kukatia tiketi ya ndege. Zilibaki dola mia tisa, na mwezi ulikuwa unaisha leo. Akizikosa, safari imekufa.

Na safari hiyo amekuwa akimwahidi mkewe, Siew Choo, kwa miaka thelathini. Sapporo, wakaone theluji. Tena si kule nyuma ya ndege kwenye kubanana. Mgongo wa Siew Choo hauwezi. Kule mbele, viti viwili vya katikati, kumi na moja D na kumi na moja F, vinavyolala kama vitanda vya mapacha.

"Pointi hazitumiwi ovyo, zinapangwa," Goh alipenda kumfundisha. "Tunakwenda tumelala, mimi na wewe. Kurudi tunapanda ndege ya bei poa."

"Na mgongo wangu wa kurudi?" Siew Choo aliuliza siku moja.

"Si utakuwa umeshapumzika!"

Siew Choo aliendelea kukunja nguo. Ndiye aliyekuwa anamkumbukia neno la siri la akaunti ya pointi, maana kichwa cha Goh kilijaa hesabu tu.

Sasa, Siew Choo ni mwanamke wa kufungasha hata mifupa ya bata. Lakini leo aliagiza kama anaolewa yeye: kaa wa pilipili wawili, samaki wa mvuke, kamba wakubwa.

"Agiza, usiogope, si wanaume wanalipa," alimwambia mama wa mchumba, Geok Lan, huku akimsogezea mbali kibakuli cha pilipili. "Hii iache, tumbo lako litakusumbua tena."

Goh hakusikia. Macho yake yote yalikuwa kwenye mfuko wa shati wa baba wa mchumba, Ong Teck Wah. Kona ya kadi ilikuwa inachungulia.

Bili ikaja. Wazee wakaruka wote wawili.

"Mkwe, usinitie aibu!" Goh akafoka.

"Aibu gani? Mimi ndiye mkubwa hapa!"

"Mkubwa kwa miezi miwili! Weka akiba, mahari bado!"

"Thubutu! Achia hiyo karatasi!"

Chai ikamwagika. Huiling akajifunika uso kwa kitambaa cha meza.

"Jamani, hebu mwone haya." Siew Choo aliwanyang'anya bili, akaisoma taratibu. "Elfu moja mia saba na themanini. Dada, ongeza sahani moja ya kamba, nitafungasha." Geok Lan akatikisa kichwa kukubali. "Haya, elfu moja mia nane na arobaini. Mnagawana. Mia tisa na ishirini kila mtu, ugomvi uishe."

Nusu kwa nusu! Mbele ya wakwe! Goh alifungua mdomo akatae, kisha akapiga hesabu, akaufunga.

"Basi, kwa vile mama kasema," alisema kwa unyonge wa uongo. Ong naye akakubali, tena upesi kuliko ilivyotarajiwa kwa mtu aliyekuwa tayari kurarua shati.

Siku ya nne pointi za zawadi zikaingia. Goh alivaa miwani, akaketi kitako, roho kwatu. Miaka thelathini ya ahadi, leo anaitimiza.

"Mama Huiling! Neno la siri!"

Siew Choo alimtajia kutoka jikoni bila haraka, akaendelea kucheka na mtu kwenye simu.

Akaunti ikafunguka. Pointi: sifuri.

Goh akafuta miwani. Sifuri ile ile. Akateremka chini ya ukurasa, akakuta safari moja imeshakatiwa tiketi. Sapporo. Kumi na moja D, kwenda. Kumi na moja D, kurudi. Msafiri alikuwa mmoja tu, na jina halikuwa lake.

Kabla hajapata sauti ya kuita, simu yake ikalia. Ong.

"Mkwe," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyejifungia bafuni. "Pointi zako zipo?"

"Hata moja."

"Na zangu pia. Hebu niambie, mkeo amepewa kiti gani?"

"Kumi na moja D."

"Wangu F," Ong akasema. "Kwenda na kurudi. Mkwe, wewe unajua kupika?"