Ngedere na Kafi la Mshindi

Kila masika wanyama wa mtoni hushindana kwa mitumbwi, na kabla ya mbio Mzee Korongo husimulia zilivyoanza. Ngedere hakuwahi kutulia akasikiliza. Roho yake ilikuwa kwenye kafi la mshindi.

Katikati ya mto, Sungura akatumbukia. “Ngedere wee, nipe mkono!”

“Mngoje Kobe, yuko nyuma!”

Ngedere akafika wa kwanza, akirukaruka. “Mzee, kafi langu!”

“Tulia, mwanangu.”

Kobe akafika wa mwisho, amempakia Sungura. Korongo akampa Kobe kafi.

“Mzee, huo uonevu!”

“Babu yako nusura azame hapa. Mitumbwi ikashindana kumwokoa, na mbio zetu zikaanzia hapo. Kila mwaka nasimulia.”

Ngedere akaketi. “Mungu anisamehe. Mzee, naomba unisimulie tena.”