Tuta la Fisi Maji

Fisi Maji alikuwa mchoyo hata wa samaki ambao hajawavua. Kila masika waliogelea hadi kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko, naye akinung'unika, "Wananitoroka hawa!" Akajenga tuta ukingoni mwa mto kuwazuia. Miaka ikapita, mtoni wakabaki Bi Kambare na mumewe tu.

"Bi Kambare, mbona huzai?" Fisi Maji akauliza.

"Nizalie wapi, bwana? Hapa mayai yanasombwa na maji. Sisi huzalia kule nyasini, nawe umetufungia mlango."

Fisi Maji aliwatazama kwa njaa, akameza mate. Kisha akabomoa tuta, akawaacha wapite mbele ya mdomo wake.

Maji yalipopungua, vikambare vilirudi mtoni vingi hata vikamsukuma. Akavipisha, tena kwa adabu.