Ukurasa wa Mama

Mkasi, mhariri wa tasnifu za wanachuo, alisifika kwa kufyeka maneno. Walisema hata kivuli chake alikipunguza, ndiyo maana adhuhuri kilikuwa hakionekani.

Asubuhi hiyo mama mmoja aliingia ofisini kwake, akatoa mkobani tasnifu ya mwanawe, jalada gumu, bado inanukia gundi.

"Kaka, kijana kasafiri kabla hajanisomea. Aliniambia humu nina ukurasa wangu mzima. Macho yangu hayakwenda shule, nisomee wewe uliyeinyoosha."

Mkasi akafungua kwenye shukrani. Msimamizi alikuwapo, maktaba ilikuwapo. Mama hakuwapo. Mkasi mwenyewe ndiye aliyemkata, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Haihusiani na mada." Na kijana, kwa kumwamini, alikubali masahihisho yote bila kuyatazama.

"Mbona husomi? Kanisema vibaya nini?" Mama akacheka.

Mkasi akaweka kidole kwenye mstari wa maktaba, akasoma yale aliyoyakumbuka: mama aliyefua nguo za watu miaka kumi na miwili, hadi sabuni ikamla alama za vidole.

Akavitazama vidole vile juu ya jalada. Kweli, vilikuwa laini kama karatasi isiyoandikwa.

Mama akafuta machozi kwa kiganja.

"Hapo hapo, kaka, nichoree alama. Binti wa jirani anajua kusoma, leo jioni atawasomea majirani wote."

Akamsogezea ile kalamu nyekundu.