Kilomita za Kaka

"Kilomita elfu arobaini tu, soma mwenyewe hapo kwenye dashibodi! Hii gari bado mbichi, dogo."

"Mbona pedali ya breki imelika mpaka chuma?"

"Kwani fundi mimi au wewe?"

Mdogo mtu akazunguka mbele ya gari. Kaka yake ndiye aliyemtafutia gari, na hela ya miaka mitatu ya kubeba zege ilikuwa mfukoni.

Akainama kwenye boneti iliyo wazi. Pembeni palikuwa na kikaratasi, kile wanachobandika mafundi wakibadilisha oili. Akakifuta grisi kwa kidole gumba. Kilomita laki mbili na elfu kumi na saba, mwezi uliopita. Ile saba ilikatwa kistari katikati, kama anavyoiandika kaka yake tangu utotoni.

"Haya, umeridhika?" kaka akauliza huku anacheka.

Mdogo mtu akafunga boneti polepole, akageuka, akaondoka na hela yake mfukoni.