Nane Iko Ndani

Lori la tatu likapita getini, na Germain, dereva wake, akampungia Arielle mkono kwa furaha. Lilipaswa kuzuiwa.

Programu ya zamani ya kiwanda, iliyoandikwa kwa lugha ya C, isingelipitisha. Ilimpa kila lori namba: moja, mzigo una maji, mbili, upimwe uzito, nne, upelekwe maabara, nane, geti lisifunguke. Lori la Germain lilibeba namba kumi na tatu. Arielle alikuwa ameihamisha programu yote kwenda Python, na Python yake ikaona kumi na tatu si nane: pita, baba.

Aliyeiandika ile ya zamani alistaafu kitambo. Jina lake hakuna aliyelikumbuka. Chini ya kila ukurasa aliacha OK, kama mtu anayejipongeza.

"Sawa nini, mzee?" Arielle aliiuliza skrini. Kesho mkubwa wa kazi angeamua kama abaki au arudi kwao Kakontwe.

Njaa ikamsukuma nje, kwa Mama Orpha, muuza maandazi wa mbele ya geti. Mama huyu hakuwa na daftari. Kila karatasi ya kufungia aliiandika namba moja tu.

"Mama, kumi na moja ni nini? Kwako kuko vitu vine tu."

"Sukari moja, pilipili mbili, maharagwe ine, yai nane. Hesabu, universitaire, weye wa chuo kikuu!"

"Nane, mbili, moja... Yai, pilipili na sukari? Nani anakula vile?"

"Germain. Iko na tumbo ya chuma."

"Na unajuaje kama iko na yai? Kumi na moja haiko nane."

Mama Orpha akamtazama kwa huruma. "Weye unauliza kama namba ni nane. Minye nauliza kama nane iko mu ndani."

Arielle akaliacha andazi lake na kukimbia kwenda kuirekebisha Python yake.

Saa kumi Germain alirudi na mzigo mwingine, kumi na tatu ileile: nane, nne na moja. Geti likakataa katakata. Akapiga honi, akatukana kwa Kifaransa. Arielle akampungia mkono.

Halafu akatoka kwenda kushukuru. "Mama, naweka jina yako mu programu. Unaitwa nani, jina yote?"

"Orpha Kabwe. Lakini usijichokeshe, mutoto yangu. Fupisha, sawa vile nilizoea."

Akachukua kalamu, akaandika herufi mbili kwenye karatasi ya maandazi. Arielle alikuwa amezisoma wiki nzima.